Kiti Kisichosahau

Hamdiya alidhani macho yake yanamdanganya. Aliizima kompyuta katikati ya sentensi, akaswali adhuhuri, akaiwasha tena. Skrini ikaamka papo hapo, sentensi pale pale alipoiacha, ila sasa ilikuwa imemalizwa. Na chumba kikanuka udi, katika fleti ya Al Khuwair isiyokuwa na chetezo.

Kompyuta alipewa na mumewe, Talal, aliyekuwa fundi wa vitu hivyo. Ile ya zamani, kabla haijawaka, ungechemsha chai ukainywa ikaisha. Hii, Talal alimweleza, ina kumbukumbu isiyofutika hata umeme ukikatika, ndiyo maana huzimika na kuamka kufumba na kufumbua. Hamdiya, mfasiri aliyefanyia kazi nyumbani, alimshukuru mpaka machozi. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani hukagua nguo aliyovishwa na mumewe?

Kila alipoizima, ndani yake kitu kilikohoa kikohozi cha kizee, na alipoiwasha udi ulimpanda puani ukashuka kooni, na vidole vyake vikaandika maneno asiyoyajua, haraka, haraka zaidi, mpaka akavitoa kwa nguvu na kukimbilia barazani.

Akaitwa Mwalimu Bakhit, mtoaji majini. Akafukiza, akasoma, kisha akamuuliza jini ni nani aliyemtuma. Sauti ya ajuza ikatoka kwenye kompyuta.

"Sikutumwa. Mie ruhani wa Bi Shaikha. Yeye ndiye alikuwa kiti changu, mtu nimpandaye kichwani. Kafa, na kiti changu sasa ni mjukuu wake, Talal. Kakataa nimkalie. Kanambia nikae humu, hamna kusahaulika, mpaka mikono ya mkewe inizoee. Kisha nimchukue huyo mke awe kiti badala yake."

Hamdiya alimgeukia mumewe, aliyesimama mlangoni, akimwomba Mungu Talal akanushe.

"Nliogopa," Talal alinong'ona. "Wewe una imani kunishinda mimi."

Hamdiya akasogea mbali naye.

"Mwambieni Talal," sauti ikaendelea, "kiti alichonipa..."

Mwalimu akaimwagia kompyuta maji ya kombe, yaliyooshewa aya. Ikazimika, na harufu ikatoweka.

Jioni ile Hamdiya alirudi kwao Al Khoudh, akalala kwa mama yake. Tangu utotoni alikuwa mzito wa kuamka, wa kuitwa na kutikiswa. Alfajiri mama alimgusa bega tu. Macho yakafunguka papo hapo, chumba kikajaa udi, na Hamdiya akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema kwa sauti ya ajuza:

"...nimekiridhia."