Viini Kumi na Sita

Prosesa mpya, ubongo wa kompyuta, ilikutwa imezimika saa nne asubuhi, wateja wakiwa wameshakaa vitini kungoja shindano. Waya wa feni ya kuipoza ulikuwa umechomolewa.

Mpelelezi wa kampuni, mama wa makamo ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Bi Kwanini, aliitwa mara moja. Katika chumba cha vipimo alikuta dada wawili wa tumbo moja, kila mmoja kasimama upande wake. Mkubwa ndiye aliyebuni prosesa iliyozimika, yenye viini kumi na sita vidogo vinavyogawana kazi. Mdogo alibuni ya pili: viini vinne tu, lakini vikubwa, vyenye mbio. Siku hiyo zilikuwa zipambanishwe kwa kazi za ofisini, na itakayoshinda ndiyo iingie kiwandani.

"Amenimaliza!" dada mkubwa alilia, kidole kikimwelekea mdogo wake. "Tangu utotoni kila changu anakitaka!"

"Dada, mimi?"

Mitambo ya mlango ilionyesha kwamba kadi ya mdogo ndiyo iliyofungua asubuhi ile.

"Kadi ilikuwa mfukoni mwa koti," alijitetea, "na koti nililitundika chumba cha chai. Yeyote angeweza kuichukua."

"Ndivyo wasemavyo wezi wote," dada yake alidakia.

Bi Kwanini akamgeukia fundi wa vipimo. Huyu naye alikuwa na kinyongo: wiki iliyopita dada mkubwa alimwita mzembe mbele za watu.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa meneja, tangu nilipofika kazini. Muulize. Huyu dada mkubwa simpendi, sifichi, lakini siwezi kuhujumu mashine kwa sababu ya domo lake."

Meneja, aliyesimama karibu, akaitikia kwa kichwa.

"Na mashine yenyewe imekufa?"

"Wapi!" fundi alijibu, akisoma kompyuta ya vipimo. "Imejizima tu. Prosesa zetu hujizima joto likipita nyuzi tisini. Hii imejizima kwenye sitini. Aliyechomoa feni alianza kwa kushusha kikomo hicho cha joto."

Bi Kwanini akamgeukia tena dada mkubwa. Kulikuwa na kitu kilichomkera tangu alipoingia, na sasa alikipata.

"Mama," alimwambia kwa upole, "umelia sana, umelaumu sana, lakini hujauliza kama imeungua. Mtoto akianguka, mzazi humkimbilia mtoto kwanza, ndipo amtafute aliyemsukuma."

"Nilichanganyikiwa."

"Adui asingejali ifike tisini, karibu na kuungua. Aliyeshusha kikomo alitaka watu waamini imehujumiwa, ila moyo wake haukukubali iumie. Nani humu anaipenda kiasi hicho?"

Dada mkubwa alitazama huku na huku, kisha akakaa.

"Nilizipima zote mbili kwa siri," alisema. "Kazi nzito zinazogawanyika, yangu inaiacha yake mbali. Lakini hizi za ofisini, moja inangoja nyenzake iishe, viini vyangu vingi vinakaa bure huku vyake vinachapa mbio. Ningeaibika. Na ni mimi niliyemfundisha kushika kalamu! Kila mkutano nasikia, mdogo wako ana kipaji, mdogo wako hivi, mdogo wako vile. Mimi je? Nikachukua kadi yake kwenye koti, nikisema akifukuzwa, watanitazama tena."

Mdogo mtu alifuta machozi kwa kiganja.

"Jana nilimwomba meneja asichague moja," alisema. "Nilitaka tubuni ya tatu pamoja: viini vyangu viwili vikubwa kwa kazi za haraka, vyako vidogo pembeni kwa zile za kugawana. Niliogopa kukwambia. Nilijua utasema nakunyang'anya."

"Ni kweli," meneja alisema. "Nami nilishakubali. Nilitaka kulitangaza leo, baada ya vipimo."

Dada mkubwa aliunyoosha mkono wake. Mdogo alirudi nyuma hatua moja, akageuka kwenda zake.

"Jioni tunarudi nyumba moja," alisema akiwa mlangoni. "Mama atatufungulia mlango kama kila siku. Mimi sitamwambia neno. Utamweleza wewe."