Ruhusa ya Shamba la Mhunzi

Mwalimu Igoki, ambaye nyumba yake na ya kwetu hapa Kinoru, Meru, zimetenganishwa na ua wa miiba ya kayaba tu, hakuwa mwanamke wa kuamini mambo ya giza. Alifundisha historia, aliimba kwaya kanisani, na likizo zikifika alikuwa na uraibu mmoja uliowachekesha watu. Alizunguka mashamba ya wenyewe na mashine ya kutambua chuma ardhini. Ilikuwa fimbo ndefu yenye sahani bapa upande wa chini, na sahani ikipita juu ya chuma, mashine hulia. Kwa njia hiyo alikuwa ameokota sarafu za tundu za enzi za Mwingereza, vifungo vya makoti ya askari, kengele za ng'ombe, na majembe yaliyolika hadi yakabaki kama vijiko. Vyote alivipeleka shuleni akavipanga kwenye kabati la vioo, wanafunzi waone.

Alikuwa na mwiko wake: haingii shamba la mtu bila ruhusa. Hubisha hodi na majani chai na sukari mkononi, akaketi, akanywa uji ukiletwa, akaeleza haja yake polepole. Watu walimhoji, naye alitarajia wamhoji. Unatafuta dhahabu? Nani amekutuma? Ukipata kitu kitakuwa cha nani? Mzee mmoja kule Kianjai alimzungusha siku nyingi kabla ya kukubali, kisha akamfuata shambani nyuma nyuma kama askari jela. Igoki hakukasirika. Udongo ni wa mtu, alisema, lazima aulinde.

Likizo ya Aprili, mwalimu mwenzake alimdokezea shamba moja kule Mbeere, chini ya Siakago, ambako zamani kulikaa ukoo wa wahunzi. Mwenyewe, mwanamume aitwaye Kivuti, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Embu mjini. Igoki akamwendea pamoja na mdogo wake Muthomi, ambaye ndiye humsaidia kuchimba. Muthomi alikuwa dereva wa pikapu za miraa kutoka Maua, baba wa watoto wawili, mtu wa mikono ya nguvu na mzaha usiokwisha.

Kivuti alikuwa mwembamba, mpole wa sauti. Igoki alianza maelezo yake yale marefu, lakini hakufika mbali.

"Nimekubali, mwalimu," Kivuti alisema. "Hiyo shamba ni yangu, mzee aliniachia. Pimeni yote. Na huko chini, kwa huo mti wa mukau, msipaache."

Hakuuliza wanatafuta nini. Hakuuliza kitakachopatikana kitakuwa cha nani. Aliwachagulia sururu mpya kutoka dukani akakataa kulipwa, akawasindikiza hadi kwenye gari. Muthomi alipomnyoshea mkono wa kwaheri, Kivuti alitabasamu tu. Mikono yake aliiacha mfukoni.

Walifika shambani asubuhi, kabla jua halijakaza. Walimkuta mama yake Kivuti, bibi aitwaye Wambura, ameketi mlangoni akichagua ndengu kwenye ungo. Alizungumza Kimbeere, na kwa kuwa lugha hiyo si mbali na Kimeru, walielewana. Igoki alimpa chai na sukari, akamweleza kwamba Kivuti amewaruhusu. Bibi alisikiliza bila kuinua macho.

Kisha akawasimulia. Marehemu mume wake alikuwa mhunzi. Jirani mmoja alisogeza mpaka wa shamba, akakana mbele ya wazee. Mhunzi hakubishana naye. Alikwenda kwenye fuawe yake, lile pande la kufulia vyuma, akapiga chuma baridi, chuma ambacho hakijaona moto, huku akisema maneno ambayo hata mkewe hakuruhusiwa kuyasikia. Nyundo aliyopigia akaizika mpakani, chini ya mukau. Ukoo wa yule jirani uliisha, mkubwa kwa mdogo, na mhunzi akafa bila kuifungua laana yake.

"Shamba lote pimeni," Wambura alisema. "Pale msiguse."

"Cucu, wewe huwezi kuturuhusu?" Igoki alimuuliza bibi kwa heshima.

"Mimi naweza kukupa maji ya kunywa na kivuli cha kuketi. Ruhusa ya pale, mwenyewe alikufa nayo."

Igoki aliitikia kwa kichwa. Wakapima sehemu ya juu asubuhi nzima, wakapata vizibo vya soda na kipande cha mshale. Jua lilipopanda, Muthomi alichoka na vizibo. Akampigia simu Kivuti, akamweleza maneno ya mama yake. Kivuti alicheka kidogo. Wazee wana hadithi zao, alisema, lakini hati ina jina langu mimi. Chimbeni.

Igoki alisimama kitambo na mashine mkononi. Alitazama juu kwa yule bibi, akatazama chini kwenye mti. Mwenye hati ndiye mwenye shamba, alijiambia. Maneno hayo ameyarudia mara nyingi tangu siku hiyo, na hajawahi kuyapenda.

Mashine ilianza kulia kabla hata hawajafika chini ya mukau. Haikulia kwa kudonoa kama ilivyozoea. Ililia mfululizo, kama mtoto aliyeachwa. Muthomi alichimba hadi shimo likamfika magotini, akainama, akatoa nyundo. Haikuwa na kutu. Kichwa chake kiling'aa kama kilichotumika jana. Udongo ulikuwa wa moto kiasi cha kuchoma nyayo, lakini nyundo ilikuwa baridi, baridi ya kitu kilicholala mtoni.

Muthomi aliishika kwa mkono wa kulia. Huko juu, Wambura aliinuka na ungo wake, akaingia ndani. Wakasikia komeo likiteremshwa.

Kisha, kutoka mahali wasipoweza kupaonyesha kwa kidole, kikasikika chuma kikigonga chuma. Mara moja.

"Umesikia?" Muthomi alinong'ona.

"Irudishe."

Aliirudisha. Walifukia kwa mikono na kwa miguu, wakashindilia. Igoki akapitisha mashine juu ya udongo ule ili kuhakikisha. Mashine ilinyamaza. Akapitisha tena. Kimya. Nyundo ilikuwa pale pale, chini kidogo tu, walikuwa wameiweka wenyewe. Akageuka kumwambia Muthomi kwamba betri zimeisha, na sahani ikapita karibu na mkono wake wa kulia.

Mashine ikalia.

Muthomi alikunjua vidole. Kiganja kilikuwa kitupu.

Tangu siku ile Muthomi hakutulia. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anazunguka boma, kisha anarudi kuketi. Aliacha kuendesha gari. Alimwambia mkewe, Gatwiri, kwamba kuna mtu anafua chuma kwa jirani, amwombe apumzike. Gatwiri alikwenda mara mbili kwa jirani na kukuta watu wanamenya viazi. Chakula kilimkaa mdomoni na ladha ya damu. Mkono wake wa kulia ukapoa, na blanketi hazikuupasha. Walimpeleka hospitali akapigwa picha ya eksirei. Mkono ulikuwa safi, mifupa mitupu, hakuna kitu.

Igoki alikwenda kwake na mashine. Gatwiri akawatoa watoto nje. Mashine haikulia tena kwenye kiganja. Ililia kwenye kiwiko. Alipokuja siku iliyofuata, ililia juu ya kiwiko. Siku iliyofuata ikalia begani.

"Inaelekea wapi?" Muthomi aliuliza kwa sauti ndogo.

Dada yake alizima mashine, akachukua funguo za gari.

Njiani alimpigia Kivuti simu na Kivuti hakupokea. Alipofika Mbeere, Wambura alikuwa mlangoni akimngoja, kama aliyejulishwa. Safari hii hakuficha kitu. Kivuti alitaka kuuza ile sehemu ya chini. Wanunuzi walikuja, wakasikia habari za nyundo, wakataka iondolewe kwanza. Kivuti aliwaomba vijana wa Siakago, akawaomba watu wa Kiritiri, na hakuna aliyethubutu. Yeye mwenyewe ndiye aliyeogopa kuliko wote.

"Mwanangu alikuwa akingoja mgeni," bibi alisema. "Ukaja wewe, kwa heshima zako, kumwomba ruhusa."

Igoki alipiga magoti palepale uani. Akaomba aambiwe la kufanya.

Wambura alimshika bega. Akamwambia ashuke chini ya mukau, peke yake, aombe sasa kile ambacho alipaswa kuomba mwanzo. Mwenyewe marehemu atamuuliza swali moja: nani alikuruhusu? Jina atakalolitaja ndilo litakalobaki pale, na mkono wa ndugu yake utaachiliwa.

"Taja langu," bibi alinong'ona. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Usimtaje mtoto wangu."

Igoki alishuka. Ilikuwa saa ya jua kali, vivuli vimejikunja chini ya miti. Alipiga magoti juu ya udongo walioshindilia. Alijitaja jina, akamtaja baba yake, akasema ametoka Meru na amekosa. Aliomba msamaha. Aliomba ndugu yake aachwe.

Nyenje walikuwa wakilia kwenye vichaka. Wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

Sauti haikupitia masikioni. Aliisikia magotini, ikipanda kutoka ardhini, sauti ya mwanamume aliyechoka.

Nani alikuruhusu?

"Wambura," Igoki alisema.

Kang.

Ardhi ilimrusha. Simu ikaita mfukoni, akaipokea. Alikuwa Gatwiri, naye pia alinong'ona, kana kwamba kuna mtu chumbani asiyetaka amsikie. "Mwalimu, Muthomi amekauka. Ameshika kifua. Hapumui vizuri."

Nani alikuruhusu?

Igoki alitazama juu kwenye nyumba. Wambura alikuwa amesimama mlangoni na alikuwa amesikia ile nyundo. Alijua uongo umekataliwa. Kwa muda wanawake wale wawili walitazamana, mmoja akimfikiria ndugu, mwingine akimfikiria mwana. Kisha yule bibi akachukua leso yake mabegani, akaivuta taratibu, akajifunika uso.

"Kivuti," Igoki alisema.

Kimya. Nyenje mmoja akaanza, wengine wakamfuata. Katika simu, mbali, alimsikia Muthomi akikohoa, kisha akiomba maji.

Alipopanda juu, Wambura hakuwa ameondoa leso.

"Umesema ukweli," alisema ndani ya kitambaa. "Nenda. Usirudi tena kuniomba kitu."

Wafanyakazi wa duka kule Embu wanasema alasiri hiyo Kivuti alikuwa akimpimia mteja misumari. Akainua kichwa na kuuliza ni nani anagonga. Waliangalia uani. Hapakuwa na mtu. Akauliza tena, kisha akaanza kuusugua mkono wake wa kulia. Mwezi haukuisha. Walimzika kwenye shamba lile, upande wa juu, na waliohudhuria hawapendi kuizungumzia siku hiyo. Alikuwa mtu mwembamba na ugonjwa ulikuwa umemkausha zaidi. Hata hivyo jeneza liliwashinda wabebaji. Waliliweka chini, wakaongezwa wengine, wakaliweka chini tena. Kamba za kuliteremshia zilikatika, na lilipotua kaburini lililia. Si mlio wa mbao.

Mama yake hakulia. Aliketi na leso usoni hadi watu walipoondoka.

Muthomi amepona. Amerudi barabarani na pikapu yake, na mzaha umemrudia, ingawa hashiki tena spana kwa mkono wa kulia. Igoki aliipeleka mashine kwa rafiki yake Nairobi na hakurudi kuichukua. Kabati la vioo lipo shuleni bado, lakini wanafunzi wakiuliza kama kuna vitu vipya, huwageuzia ukurasa wa kitabu. Kanisani anaketi karibu na mlango. Tukimsalimia kwenye ua, hujibu huku akitazama nyuma.

Juzi aliita fundi wa kuchomelea vyuma. Mlango wa mbele wa nyumba yake, ule wa bati nene, ulikuwa na mabonyeo. Alidhani ni wezi. Mume wangu alikwenda naye kuangalia, nami nikafuata. Mabonyeo yalikuwa ya duara, safi, yamepangana kwa urefu wa kifua cha mtu mzima, na rangi juu yake haikuwa imepasuka hata kidogo. Fundi alipitisha kidole kwenye moja, akapitisha kwenye la pili, kisha akarudi hatua moja nyuma na kumuuliza mwalimu anaishi na nani humu ndani.

Igoki alimjibu kwamba anaishi peke yake.

Fundi alikusanya vifaa vyake. Ndipo nilipotazama vizuri. Mabonyeo yote yalikuwa yametokeza kwa nje, kama yaliyogongwa kutoka ndani.