Nyumba Iliyoandikwa Tupu

Nyemo Sailowa aliposukuma mlango wa chumba cha mama yake, taa iliwaka kabla mguu wake haujagusa sakafu ya ndani. Hakubonyeza chochote. Katika jengo lile la ghorofa ishirini na mbili hapakuwa na swichi hata moja. Kazi hiyo ilikuwa ya kinasauwepo, kidude cheupe chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, kilichobandikwa darini juu ya mlango.

"Unaona mwenyewe," Nyemo alisema. "Haijawahi kunigomea hata siku moja."

Mhandisi Nsia Mbwambo wa kampuni ya taa aliinua macho akakitazama kidude kile. Alikifahamu kuliko mtu yeyote mjini Dodoma, kwa maana programu iliyokiendesha aliiandika yeye.

Miaka hiyo joto la mchana lilikuwa limepanda hadi nyuzi arobaini na sita, na watu walijenga nyumba zenye kuta nene kama za ngome, vyumba vya kulala vikiwekwa katikati, bila madirisha. Taa zilihitajika mchana na usiku. Kinasauwepo kilirusha mawimbi hafifu ya redio chumbani na kuyapokea yanaporudi. Mtu akitembea, mawimbi yalirudi yamebadilika. Mtu akilala, kiliweza kuhisi hata kifua chake kikipanda na kushuka. Hakikuhitaji waya, kiliishi kwa betri yake ndogo, na fundi mmoja aliweza kubandika vidude mia kwa siku.

Tatizo lilikuwa betri. Vile vya kwanza vilikufa baada ya mwaka na nusu, na mafundi walikuwa wakizunguka nyumba elfu arobaini na ngazi mabegani bila kumaliza. Ndipo Nsia alipopewa kazi ya kuifanya betri idumu miaka saba. Aliiweza. Alikifundisha kidude kulala. Kiliamka kila baada ya sekunde chache kutafuta mjongeo tu, jambo lisilokula betri. Dakika ishirini zikipita bila mjongeo, kilisikiliza pumzi kwa sekunde tatu, na kisiposikia kitu kilizima taa na kuandika kwamba chumba ni kitupu.

Maandishi hayo ndiyo yaliyomleta pale siku hiyo. Ofisi ya makazi iligundua kwamba nyumba ya Nyemo huandikwa tupu kila siku tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ilhali Nyemo alipewa vyumba viwili kwa sababu anaishi na mama mgonjwa asiyetoka kitandani. Ofisi ilishuku kwamba mama huyo hayupo. Nsia alitumwa kuthibitisha kwamba kidude ni kizima, ili Nyemo aondolewe.

Lakini mama alikuwepo. Bi Raheli Sailowa alikuwa amelala chali, shuka limefika kifuani, nywele zake nyeupe zimesukwa vizuri. Kiharusi kilikuwa kimemwachia macho tu. Akifumba mara moja alimaanisha ndiyo, mara mbili hapana.

"Shikamoo, mama," Nsia alisema. Macho yalimgeukia, yakafumba, yakafumbuka.

"Anaitikia," Nyemo alisema. "Akili yake iko timamu kabisa."

Nsia alivuta kigoda akakiweka pembeni mwa kabati, mahali alipojua mawimbi hayafiki. "Dada, naomba utoke kwa nusu saa. Fanya vilevile unavyofanya ukienda kazini."

Nyemo alimwinamia mama yake, akamfuta midomo kwa kitambaa na kumwekea mto vizuri. "Mama, natoka. Nitarudi." Machozi yalimtoka mama, yakateremka hadi masikioni. Nyemo aliyafuta kwa kidole, bila kushangaa. "Hulia hivi kila nikimuaga. Daktari anasema ndivyo kiharusi kinavyofanya, mtu analia bila sababu."

Mlango ulifungwa. Nsia alikaa kwenye kigoda bila kujongea. Dakika ishirini zilipotimia, taa ilizimika.

Halikuwa giza la usiku, ambalo huwa na mwanga wa mtaani au wa simu. Lilikuwa giza la chumba kisicho na dirisha, na Nsia hakuweza kuuona mkono wake mwenyewe. Kisha akasikia sauti nyembamba kutoka kitandani, kama ya mtu anayejaribu kuita akiwa amefungwa mdomo. Ilikoma, ikaanza tena. Katikati yake alisikia pumzi, akaanza kuhesabu. Pumzi moja. Sekunde saba za kimya. Pumzi nyingine.

Sekunde saba, na kidude kilisikiliza kwa tatu.

Alikuwa analijua jambo hilo. Katika majaribio, watu wanane kwa kila elfu hawakusikika, na aliliandika kwenye ripoti yake kwa mkono wake: mtu akizimiwa taa kwa makosa, atainua mkono na itawaka. Wakati ule sentensi hiyo ilimtosha.

Alisimama na kusogea hadi katikati ya chumba. Taa iliwaka. Bi Raheli alikuwa akimtazama, uso wote umelowa.

"Mama, huzimika hivi kila siku?"

Macho yalifumba mara moja.

"Nyemo anajua?"

Yalikaa wazi kwa muda, kisha yakafumba mara moja.

Nsia hakuelewa. Nyemo asingejua, kwa sababu kila alipofungua mlango alikuta mwanga. Akamtazama mama yule, akakumbuka kwamba aliletwa humu akiwa tayari hawezi kusema wala kuuliza, akitokea kwenye nyumba za zamani ambako taa haizimiki mpaka mtu aizime.

"Mama," aliuliza taratibu, "unadhani ni Nyemo anayeizima?"

Mara moja.

Nyemo aliporudi alimkuta mhandisi ameketi ukingoni mwa kitanda. Nsia angeweza kumwambia kwamba betri imechoka na itabadilishwa. Alilifikiria hilo, akaliacha. Alimweleza yote, tangu zile sekunde tatu hadi lile swali la mwisho.

"Tangu lini?" Nyemo aliuliza.

"Tangu mlipohamia. Siku mia mbili arobaini na moja."

"Kila siku."

"Kila siku uliyokwenda kazini."

Nyemo aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda. "Kila jioni namuuliza, umeshindaje, mama, salama? Anafumba mara moja. Alikuwa anadhani namzimia taa kwa makusudi, na bado ananijibu salama."

Aligeuka, akapiga magoti na kuushika mkono wa mama yake. "Mama, si mimi. Unanisikia? Sikuwa najua." Bi Raheli alifumba macho, na hakuyafumbua kwa muda mrefu. Haikujulikana kama lilikuwa jibu.

Nsia aliiamuru taa ya chumba kile isizimike tena. Nyemo hakumshukuru. "Tupishe kwanza, dada," alisema bila kumtazama. "Tuache sisi wawili."

Saa nane mchana Nsia alikuwa mbele ya meza ya mkuu wake, Bwana Mapunda, ambaye aliisoma ripoti yote bila kuruka mstari.

"Huyo wa leo umemtengenezea, vizuri," alisema. "Na barua ya kumwondoa itafutwa. Lakini tukirudisha usikivu wa zamani, betri elfu arobaini zitaanza kufa. Tutoe fomu. Mwenye mgonjwa ajaze."

"Wanaohusika hawawezi kushika kalamu."

"Wana ndugu."

"Ndugu hawajui, mzee. Wakiingia, taa inawaka."

Mapunda alikunja ripoti. "Wanane kwa elfu, Nsia. Ulituletea mwenyewe hesabu hiyo, na tulikupongeza."

Alirudi mezani kwake, akatafuta kwenye kumbukumbu kila nyumba yenye mgonjwa wa kitandani aliyeandikishwa lakini ambayo huonekana tupu mchana kutwa. Zilikuwa mia tatu na sita. Hakuomba ruhusa. Alianza na ya kwanza, akapiga simu.

Alipokea mwanamume aliyejitaja kwa jina la Fidelis. Nsia alimuuliza hali ya mama yake.

"Mama alifariki mwezi wa tatu," Fidelis alisema. "Nani mwenzangu?"

"Natoka kampuni ya taa. Pole sana, kaka. Alikuwa anaumwa nini?"

"Alianguka akaumia uti wa mgongo, kuanzia shingoni kushuka hakuweza kujitikisa. Lakini hakikumuua hicho. Aligoma kula. Mwishoni akili ilimtoka. Alikuwa anatulalamikia kwamba tunamwacha gizani kutwa nzima. Tunamwambia mama, taa si hiyo hapo inawaka? Analia, anasema mkitoka tu inazima. Mke wangu alikuwa anatoka na kuingia kumwonyesha. Hakukubali. Mpaka nikamkaripia, Mungu anisamehe."

Nsia aliishika simu kwa mikono yote miwili. Kwenye orodha palibaki nyumba mia tatu na tano.

"Halo? Kwa nini unaniuliza haya?"

"Kaka Fidelis," alisema, "tafadhali keti kwanza. Mama yako alikuwa anawaambia kweli."