Tumbo la Nzilani

Soko la Sultan Hamud lilikuwa limefurika, na Mbugua, muuza viatu, alipiga kelele kuwashinda hata mbuzi wa mnada. Mara msichana mwenye gauni la samawati akaokota kiatu kimoja, akakikunja kama chapati.

"Hiki ni ngozi ama karatasi?"

"Dada, kwa mguu kama huo hata karatasi itajiona ngozi."

"Nyinyi watu wa Murang'a mnaweza kuuza hata mama mkwe."

"Wangu sijamjua bado. Anakaa wapi?"

Msichana alicheka mpaka akasahau kubishana bei. Alikuwa Nzilani, mwimbaji wa kwaya kutoka Matiliku. Tangu siku hiyo Mbugua akahamia kibanda cha simu cha posta, akimpigia Nzilani kwa duka la mjomba wa msichana.

"Haloo, mwendwa, mpenzi wangu. Umekula?"

"Sina hamu. Tumbo limejaa tu, linavuta."

"Punguza hayo mahindi ya muthokoi, nisije nikaoa gunia!"

Wakacheka. Tumbo lenyewe halikuwa na mzaha, lilizidi kuinuka. Mkunga akalipapasa, akasema ni mimba. Wazee wa kanisa wakamvua Nzilani joho la kwaya, wakamkalisha benchi la nyuma pamoja na waliotengwa. Nyumbani hakuna aliyemtafutia dawa. Walikuwa wanangoja mtoto.

Mbugua, ambaye hata kumshika mkono alikuwa anaomba ruhusa, aliwaka habari zilipomfikia. Akapiga simu.

"Ni ya nani?"

"Hakuna mtu, Mbugua. Naapa."

"Basi ni malaika? Mwambie alete posa."

"Hospitali ya misheni kuna mashine inaona ndani ya tumbo. Twende uangalie mwenyewe."

"Twende. Na nikimwona huyo mtoto, tusijuane tena."

Chumba kilikuwa na giza, kioo cha mashine tu kiking'aa. Daktari Musembi alimpaka Nzilani mafuta baridi tumboni, akatelezesha kifaa huku na huku. Mbugua aliinama akitafuta kichwa, mkono, chochote cha kumkasirikia. Aliona mawingu ya kijivu.

"Hakuna mtoto," daktari akasema.

Nzilani alicheka kwa sauti ile ile ya kwaya. "Umesikia? Mbugua, umesikia? Jumapili narudi mbele!"

Daktari hakucheka. Kifaa kiliendelea kuzunguka.

"Kuna uvimbe kwa kifuko cha mayai, na nafikiri umepasuka. Tumbo lote limejaa ute mzito kama jeli. Ni ugonjwa wa nadra sana. Nairobi watakupasua, watatoa wanachoweza, na kizazi pia. Hata hivyo ugonjwa unaweza kurudi tena." Akafuta kifaa. "Mngekuja mapema."

Huko nje kwa baraza, Mbugua alimshika mkono bila kuomba ruhusa.

"Nisamehe. Nitakuoa, Nzilani. Hata kesho."

"Umesikia kizazi kinatolewa?"

"Nitakuoa wewe."

Nzilani alifunga vifungo vya sweta polepole, lakini tumboni havikufungika.

"Nilikuambia kwa mdomo wangu, ukanicheka. Hicho kioo hata hakikujui, kimesema mara moja ukaamini." Akavuta mkono wake. "Huko Nairobi nitalia kwa uchungu, Mbugua. Nataka mtu ambaye nikisema naumwa, hatangoja picha."

Akamwita mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni. Mbugua akanyoosha mkono ampokee mama mfuko wa nguo. Mama akauhamishia mkono wa pili, wakaondoka.