Maiki ya Profesa

"Mama, hiyo kazi niachie mimi. Haya makanisa makuu nimeyasoma kabla wewe hujaanza kukaa hapo mlangoni."

Mama wa mapokezi akamtazama yule mwanaume mwenye miwani ya jua kichwani, kisha akawatazama wanawake watatu waliosimama nyuma yake, macho chini kwa aibu.

"Baba, mimi nasema tu kwamba mwongoza wageni yupo, na mmeshamlipia kwenye tiketi."

"Simtaki. Hawa nitawaongoza mwenyewe."

"Haya. Lakini humo ndani kundi haliruhusiwi kupaza sauti. Kiongozi anavaa maiki hii kwenye kola, anaongea polepole, wenzake wanasikiliza kwa hedifoni hata wakiwa kona ya mbali. Ukimaliza kuongea nao, bonyeza hapa, hii taa ya kijani..."

"Najua, mama. Najua!"

Akampokonya ile maiki mkononi. Hakujua. Kutojua ndiyo ilikuwa kazi yake ya kudumu, ile ya ofisi ya maji ilikuwa ya ziada tu.

Huyo ndiye Profesa. Msidhani kuna chuo kilichompa hicho cheo. Alijipa mwenyewe, kwa kusoma kurasa za mwanzo za vitabu na kuzungumza kana kwamba kavimaliza. Harusi yake na Fundi, mshona nguo, mmoja wa wale wanawake watatu, ilikuwa imebaki miezi miwili, na likizo hii walikuja pamoja na mashoga wawili wa Fundi tangu utotoni. Mmoja Nesi, mwanamke wa wodini, mdomo wake haujui kumung'unya maneno. Mwingine Pipi, mzuri wa sura, mwepesi wa kucheka, kila neno la Profesa kwake lilikuwa jipya.

"Yaani shem, unajua vitu!" Pipi alisema walipoingia.

"Kusoma, Pipi. Kusoma tu."

Nesi akamnong'oneza Fundi: "Kasoma ubao wa pale nje, nimemwona."

"Nesi, mwache bwana. Tuko likizo."

"Likizo ya nani? Tangu juzi tuko darasani."

Fundi akacheka kidogo, lakini kicheko hakikufika mbali. Simu yake ilikuwa imetetema mfukoni. Ilikuwa meseji ya mama mwenye nyumba, yule anayempangisha chumba cha kona anachoshonea.

"Mwanangu, kama unahama niambie leo. Kuna mwanamke anakitaka chumba, hanipi nafasi ya kupumua. Ananipigia hata nikiwa naoga."

Hicho chumba ndicho kilichokuwa kinamkosesha Fundi raha. Aliingia humo na cherehani moja ya kuazima. Sasa ana zake tatu, ana wanawake wawili wanaomsaidia, na mabibi harusi wanatoka mitaa ya mbali kuja kupimwa. Kisha asubuhi ya leo, kwenye chai hotelini, Profesa alikuwa amempa neno la mwisho huku akipaka siagi mkate.

"Leo upige simu, chumba kirudi kwa mwenyewe. Mke wangu hawezi kushinda anawazungushia watu futi viunoni."

"Lakini ndiyo kazi yangu."

"Ilikuwa. Chagua, Fundi. Cherehani au mimi. Hatutoki kwenye hilo kanisa kabla hujapiga."

Na yeye alikuwa ameshaelekea kupiga. Alimpenda, ubaya wenyewe ndio huo. Tena aliogopa kurudi kwa mama yake, ambaye ameshawaalika ndugu wa pande zote mbili, na kumwambia kwamba harusi imeota mbawa kwa sababu ya chumba.

Wakavaa hedifoni. Pipi alizivaa kwa dakika moja, akazivua na kuzitumbukiza kwenye mkoba.

"Zinaniharibia nywele. Mimi nitatembea karibu na shem, nimsikie laivu."

"Tembea," Nesi akasema. "Nywele zenyewe ni za kununua, lakini tembea."

Kanisa lilikuwa kubwa kweli. Nguzo zake watu watatu wakishikana mikono wasingeizunguka moja, na juu kabisa kulikuwa na kuba lenye vioo vya rangi vilivyomwaga wekundu na bluu sakafuni. Mtu mwenye akili angenyamaza. Profesa hakunyamaza.

"Nguzo hizi, wapendwa," sauti yake ikasema ndani ya masikio yao, "zililetwa hapa na mafuriko. Maji yaliposhuka, wakajenga hapohapo zilipokuwa."

"Mafuriko?" Nesi akauliza.

"Historia ni pana, Nesi. Usikariri."

Akaendelea. Kaburi la askofu akaligeuza la mfalme. Kinanda kikubwa akasema kilikuwa mtambo wa kupasha joto kanisa. Pipi akawa anaitikia "Eeeh!" na "Kumbe!" Fundi akajitenga polepole, akaenda upande wa pili ambako kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake joho la askofu wa zamani, limetariziwa nyuzi za dhahabu kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Akainama. Chini ya bega la kushoto aliona mahali palipowahi kuchanika. Mtu alikuwa amepashona tena, mshono juu ya mshono, kwa uvumilivu ambao ulimfanya atake kulia. Aliyeshona hakuandikwa popote. Askofu ndiye aliyeandikwa.

Akatoa simu. Akatafuta namba ya mama mwenye nyumba. Kidole kikasita juu yake.

Ndani ya hedifoni, sauti ya Profesa ikashuka, ikawa ile sauti laini ambayo Fundi alidhani ni yake peke yake.

"Sogea huku nyuma ya nguzo. Wako mbali."

"Ameshapiga?" Ilikuwa sauti ya Pipi.

Fundi akainua kichwa. Akatazama kila upande. Hawakuonekana.

"Bado. Atapiga. Nimembana leo asubuhi, kawa mdogo kama sisimizi."

"Asije akageuka! Mimi mama mwenye nyumba nimeshamwambia nahamia mwisho wa mwezi. Kioo cha saluni nimeshapima ukuta gani kitakaa."

"Tulia, mpenzi. Kona ile ni yako. Wateja wake wote watapita mlangoni kwako, utawasuka hadi uchoke."

"Na nyie mkioana?"

"Sasa Pipi, unaniuliza swali la kitoto. Yule namuoa kwa sababu mama yangu anahitaji mtu wa kumpikia na kumwogesha. Wewe unaweza kumwogesha mama yangu?"

"Mh! Sithubutu."

"Basi. Yule wa kazi, wewe wa raha. Ukimwambia nguzo zililetwa na mafuriko anaamini, atashindwa kuamini nampenda?"

Kikafuata kicheko cha Pipi, halafu mlio mdogo ambao haukuhitaji kuelezwa. Walikuwa wanabusiana. Nyumba ya Mungu, jamani!

Fundi akaikaza simu mkononi. Akaegemea kabati la kioo. Yalikuja maumivu, na nyuma yake ikaja aibu, kwa sababu namba ya mama mwenye nyumba bado ilikuwa inawaka kwenye simu. Alikuwa karibu kupiga. Mtu huyu, anayesema kinanda ni jiko, alikuwa karibu kumvua kila kitu!

Nesi akatokea mbio kati ya viti, hedifoni kichwani, macho yamemtoka pima.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niachie. Zile nywele nazing'oa, halafu nazitundika madhabahuni."

"Usifanye kitu."

"Fundi! Unataka kusamehe? Nitakuzaba kofi wewe kwanza."

"Nani kasema kusamehe? Twende. Somo halijaisha."

Wakawakuta wanatoka nyuma ya nguzo, Pipi akijipanguza mdomo, Profesa akikohoa kikohozi cha heshima.

"Aa, mmekuja! Nilikuwa namwonyesha Pipi maandishi ya kale. Sasa, wapendwa..."

"Profesa, nina swali," Fundi akasema.

"Uliza, mpenzi. Kuuliza si ujinga."

"Hiyo taa ya kijani hapo kwenye kola yako, maana yake nini?"

Profesa akainamisha kidevu, akaitazama.

"Hii? Hii inaonyesha maiki imezimwa. Nyekundu ndiyo inaongea. Ni sayansi ya kawaida."

"Una uhakika?"

"Fundi, usinifundishe mitambo."

Nesi akavua hedifoni zake, akamvisha Pipi kichwani kwa nguvu, nywele zikaenda upande.

"We, unafanya nini?" Pipi akang'aka.

"Shem," Nesi akasema, "hebu rudi pale nyuma ya nguzo, unong'one neno lolote."

"Neno gani? Mambo gani haya ya kitoto?"

Hakuhitaji hata kurudi. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yameshaingia masikioni mwa Pipi, makubwa na safi. Pipi akashika hedifoni kwa mikono miwili. Uso ukamwiva, kisha ukampauka.

"Mungu wangu," akasema. "Inasikika."

"Nini kinasikika?" Profesa akauliza.

"Kila kitu, mjinga wewe! Kila kitu!"

Profesa akaishika kola yake. Akaitazama taa. Akamtazama Fundi.

Fundi akanyoosha mkono, akamfungua maiki kwenye kola, taratibu, kama anavyotoa pini kwenye gauni la mteja. Akavua hedifoni zake, akamvisha yeye.

"Fundi, ngoja nikueleze..."

"Umeeleza tangu juzi. Sasa sikiliza."

Akaisogeza maiki mdomoni. Akaongea polepole, kama kanuni za kanisa zinavyotaka.

"Wapendwa, karibuni. Mbele yenu mnaona mwanaume. Kwa mbele amepakwa rangi vizuri, ndiyo maana wageni wanapenda kupiga naye picha. Msizunguke nyuma, nyuma hawakumalizia. Ukiongea ndani yake utasikia mwangwi mkubwa, kwa sababu hamna samani. Ana miaka arobaini, na bado soksi zake hajui kuzifua, anangoja apate mjinga mwingine."

Nesi alikuwa ameshika ubavu kwa kucheka.

"Fundi, nirudishie hiyo!" Profesa akafoka.

Mlinzi wa kanisa akageuka kule mbele, akaweka kidole mdomoni.

"Baba! Hapa hatupazi sauti."

"Na pembeni yake," Fundi akaendelea, akamgeukia Pipi, na hapo sauti ikamtetemeka, "mnaona nguzo ndogo ya mapambo. Haibebi kitu. Mimi tangu utotoni niliamini inanibeba. Nililala kwao, nilikula kwao, siri zangu zote nilizipeleka kwake. Huyu mwanaume ameniudhi, Pipi. Wewe umeniumiza."

Pipi akaanza kulia.

"Shoga, nisamehe. Ni shetani."

"Shetani hapimi ukuta wa kuweka kioo."

Akavua pete. Akamwekea Profesa kiganjani.

"Mvishe yeye. Ila peleka kwa sonara kwanza aipanue, Pipi ana vidole vinene kuliko mimi. Mimi ni fundi, vipimo vya mwili wake wote ninavyo. Gauni lake la kunisindikiza siku ya harusi nilishalikata."

"Fundi, utajuta," Profesa akasema, akijikusanya. "Mwanamke wa rika lako, na cherehani zako, nani atakuoa?"

"Sijui. Lakini huyo atakayekuja atakuwa anajua kuzima maiki."

Akabonyeza kitufe. Taa ikawa nyekundu.

Nje, kwenye ngazi za kanisa, akapiga simu. Nesi alikaa karibu yake, ametega sikio bila aibu.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Niambie basi, unahama?"

"Sihami, mama. Nipo. Mwaka huu, na mwaka ujao, na ukivunja ukuta wa pili nachukua na hicho cha jirani."

"Ah! Nimefurahi mno. Nilishaanza kukosa usingizi. Sasa huyu mwanamke anayenisumbua nimwambieje? Ana mdomo mtamu huyo!"

Fundi akatazama mlangoni. Profesa alikuwa anatoka, ameshika hedifoni zote tatu mkononi anatafuta pa kuzirudisha, na Pipi nyuma yake anamsukuma mgongoni akimwuliza atarudije hotelini kulala chumba kimoja na wale wawili.

"Mwambie chumba kina mwenyewe," Fundi akasema. "Mwanaume ndiye yuko wazi. Ahamie hata leo, simdai kodi."

Mama mwenye nyumba akacheka hadi akakohoa. Nesi akagaagaa kwenye ngazi. Fundi akakata simu, akacheka na yeye, halafu akalia kidogo, machozi ya kweli, na Nesi akamshika begani.

"Twende tukale?" Nesi akauliza alipomwona amejifuta uso.

"Bado. Turudi ndani kwanza. Kuna joho sijalitazama vizuri."

"Na maelezo tutapata wapi?"

"Tumchukue yule mwongoza wageni. Si tumeshamlipia?"

Wakarudi ndani. Mama wa mapokezi akawaangalia, wawili sasa, akatabasamu, akaenda kumwita mwongozaji.