Futa Kidosho

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mtunza stoo akiwa na simu sikioni na kidole juu ya kitufe.

"Andika 'futa Kidosho', mpenzi, ubonyeze," alisema fundi wa kompyuta kutoka ghorofa ya tano. "Data nimeshainakili. Tunaunda mashine nyingine, amri ya wakubwa."

Kidole hakikushuka.

"Bwana Stoo, umelala?"

"Nipo."

Walijuana mwaka jana kwenye foleni ya lifti, yeye na maboksi hadi kidevuni, fundi, mwanamke mwenye gauni la kijani lililopigwa pasi likanyooka. "Ukidondosha, miguu yangu uikwepe. Viatu nimevinunua jana," fundi alimwambia. Wiki hiyo wakubwa, watu ambao maji hayajawahi kuwafika shingoni, waling'oa seva ya stoo eti kubana matumizi. Fundi akashuka, akaunda kompyuta ya kufikirika, ya programu tupu isiyoshikika, ndani ya ile kuukuu ya mezani, iendeshe programu zilizofungashwa kwenye kontena, vifurushi vya kidijitali.

"Kontena humu? Limepita mlango gani?"

Fundi alicheka mpaka akamwegemea bega, na hakuondoka upesi. "Mashine inataka jina."

Jina likamtoka kama chafya: Kidosho. Tangu hapo, kila asubuhi, aliandika "washa Kidosho".

Sasa fundi aliteremka kwa ngazi, hakungoja lifti.

"Kitufe kimoja tu, baba. Kuna nini?"

"Kidosho ni marehemu mke wangu. Ndivyo nilivyomwita."

Fundi akakaa juu ya boksi. "Nami nikajua ni mimi. Nimewatambia mpaka dada zangu."

"Sikukuambia ni wewe."

"Wala hukuniambia si mimi."

"Alipozidiwa, gari la wagonjwa la hapa kazini lilikosa mafuta. Magari ya wakubwa siku hiyo yalijaa mafuta. Alipokufa wakamfuta kwenye daftari la wategemezi wetu, wakaenda kula. Leo wananiandikia barua nimfute mwenyewe."

"Humu hayumo, mpenzi."

"Najua hayumo. Lakini kila asubuhi nilimwasha, akaitika."

Fundi alimpangusa vumbi la maboksi kwenye kola, taratibu, kisha akakitoa kidole cha mtunza stoo kwenye kitufe.

"Wakubwa nitawajibu mimi. Kidosho abaki, mpya niiunde pembeni yake. Ila kompyuta hii haina kumbukumbu ya kuwasha wawili kwa pamoja." Akamtazama. "Kesho asubuhi ukikaa hapa, utamwasha nani?"