Banda la Wakwe

Jua lilikuwa linazama mke wa seremala alipokwenda bandani kuzima moto. Kesho yake wangehama, yeye, mumewe na mtoto wao. Alikuwa amechoka kunuka moshi mpaka kwenye shuka.

Banda hilo la samaki wa moshi walirithishana wakwe. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha kupasua samaki mgongoni, kumtia chumvi, kumlaza juu ya chanja na kumgeuza kabla hajaungua. Halafu mwaka jana mama huyo akashuka ufukweni kuosha samaki, asirudi. Watu walisema bahari imemchukua. Maiti haikuonekana.

Akasukuma mlango. Moshi ukamwingia machoni. Akanyanyua ndoo ya maji...

Kho. Kho.

Akaganda.

Kikohozi kile alikijua. Miaka yote ya ndoa yake alikisikia chumba cha pili.

"Mama?"

"Usimwage, mwanangu." Sauti ilikuwa ya chini, kavu. "Geuza kwanza. Wanaungua."

Hakutaka. Mikono ikaenda yenyewe. Samaki mmoja, wa pili, chanja nzima... Vidole vilipita kwenye moto, wala havikuuma.

Ndipo moshi ulipopungua, akawaona.

Wanawake. Wameketi chini, migongo ukutani, weusi, wamekauka, nguo zimegandamana na ngozi. Wa mbele alikuwa mama mkwe.

"Hawa ni kina nani?"

"Wakwe zako. Huyu alinifundisha mimi. Yule alimfundisha huyu."

"Mama, mimi nahama."

"Hata mimi nilikuwa nahama."

Mlango ukafunguliwa. Seremala alisimama na tochi, nyuma yake dada yake amembeba mtoto wao.

"Mke wangu, uko humu?"

"Niko hapa." Akamshika mkono.

Seremala akajikuna pale pale aliposhikwa. Akamulika chanja, akamulika ukuta, akamulika uso wa mkewe.

"Hayupo," akamwambia dada yake. "Labda kashuka kuosha samaki."

Komeo likalia. Mkewe akaita, akaita, mpaka sauti ikamkauka. Hatua zao zilielekea baharini.

Mama mkwe akajisogeza, akampisha nafasi ukutani.

"Kaa, mwanangu. Mwanao akioa, utapata mwenzio."

Mtoto mwenyewe alikuwa bado ananyonya.